Suti Iliyorambwa na Ng'ombe

Ilianza Ijumaa ya likizo ya Aprili, saa tano kasorobo asubuhi, kaka yangu alipomsalimia kogo kwa mkono wa kushoto.

Saa naijua kwa sababu mama alikuwa amenituma niangalie kwenye simu kama mwenye viti amejibu. Kesho yake ilikuwa koito ya dada yetu, siku ambayo watu wa bwana wake wangekuja nyumbani kukaa na wazee wetu wazungumze mpaka wakubaliane. Nyumba yote ilikuwa imepinduliwa. Viti havikuwa vimekuja, hema lilikuwa limesimama nusu, na kaka, aliyekuwa njiani tangu jana jioni kutoka Pwani, ndiye huyo anaingia kwa geti na begi kubwa jeusi linalodondosha maji.

Kogo ni nyanya yetu, mama ya baba. Aliuangalia ule mkono wa kushoto kama mtu aliyeletewa chai baridi.

"Huko baharini wamekukata ule mwingine?"

"Hapana, kogo. Nimebeba begi vibaya."

"Basi weka begi chini unisalimie kama mtu."

Begi lilikuwa chini tayari. Kaka akatoa mkono wa kulia, lakini ulitoka polepole, kiwiko kimeshikana na mbavu, na aliposhikwa akakunja uso kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga kijiwe. Kogo akacheka. Mimi sikucheka.

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijui nilizaliwa hivyo au ni kwa sababu sisemi sana, na ukinyamaza watu husahau uko hapo, ukaona mengi. Shuleni nikiulizwa swali ambalo najua jibu, namnong'oneza jirani yangu anyooshe mkono yeye. Lakini nyuso naziangalia. Na kaka nilikuwa namshuku hata kabla ya mkono.

Aliondoka hapa kwetu Kericho, juu ya Sigowet, kwenda kufanya kazi ya jikoni kwenye hoteli ya ufuoni. Halafu tukasikia si jikoni tena, anapeleka wageni chini ya bahari na mitungi ya hewa mgongoni. Halafu tena tukasikia anasomea kuwa mwalimu wa hao wanaokwenda chini. Baba akiulizwa kanisani alisema, "Kijana wangu anasomea kufundisha watu kupumua," na wenzake walikohoa ili wasicheke. Mama mmoja wa kwaya alisema mbele yangu, akidhani sisikii, kwamba watu wa bara hawaendi chini ya bahari bure, huko kuna mambo. Mimi sikuamini mambo. Nilichoshuku ni kwamba hakuna masomo yoyote, ni kijana anayebebea wageni mitungi, na sasa amepigwa mahali au ameanguka, anaficha.

Kwa hivyo nikamtega. Mchana nilipewa ndoo ya viazi nimenye nyuma ya jikoni. Alipokuja kukaa karibu nami nikamwambia, bila kumwangalia, "Kama wewe ni mwalimu, nifundishe."

Nilidhani atatafuta kazi ingine ya kufanya. Badala yake akafurahi kabisa.

"Unajua nilikuwa natafuta mtu hajui kitu? Mtihani ni mwezi ujao. Lazima nisimame mbele ya watu nifundishe nadharia kama nafundisha mtoto."

"Asante."

"Si hivyo, wewe kadogo. Ni sifa."

Akaenda akachukua puto moja kwenye yale ya kupamba hema, akalipuliza nusu. Akaniambia kila mita kumi za maji ni sawa na kubebeshwa anga lingine zima mabegani, kwa hivyo puto hilo ukishuka nalo mita kumi litakuwa nusu ya lilivyokuwa. Lakini ukilijaza ukiwa huko chini, ulifunge, halafu upande nalo, litavimba mpaka lipasuke. Mapafu ni vile vile. Ndiyo sababu sheria ya kwanza ya mzamiaji ni kutozuia pumzi kamwe. Akanionyesha jinsi ya kuzibua masikio ukiwa unashuka: unabana pua, unapuliza taratibu, hulazimishi. Nilibana kwa vidole vya wanga wa viazi nikapuliza, kitu kikalia ndani ya sikio, akapiga goti lake kwa furaha. Kwa mkono wa kushoto.

Alikuwa mwalimu kweli. Nilijisikia vibaya nusu dakika.

Halafu akaingia kwenye nitrojeni. Akaiba soda moja kwenye kreti za wageni. "Hewa tunayovuta, sehemu kubwa ni nitrojeni. Mwili hauitumii, inaingia inatoka. Lakini ukiwa chini, presha inaisukuma ndani ya damu, ndani ya mafuta, kwenye viungo. Huisikii. Kama hii soda, unaona povu?"

"Sioni."

"Kwa sababu imefungwa. Sasa." Akafungua kidogo kidogo, ikatoa sauti ya nyoka, mapovu machache yakapanda. "Hivyo ndivyo tunapanda. Polepole, na unasimama karibu na juu, mita tano, unangoja. Na hivi ndivyo hatupandi." Akaitikisa akaachilia kifuniko. Povu lilimwagika kwenye viatu vyake, kwenye viazi, kwenye sketi yangu. Mama akapiga kelele kutoka ndani akiuliza ni nani anafungua soda za wageni. "Povu kama hilo likikwama kwenye kiungo ni maumivu," kaka akasema, sauti imeshuka. "Likikwama kwenye uti wa mgongo, unaweza usitembee tena."

Akanieleza walijuaje. Zamani huko ng'ambo, watu waliokuwa wakichimba misingi ya madaraja chini ya mito walifanya kazi ndani ya masanduku makubwa ya chuma yaliyojazwa hewa ya presha ili maji yasiingie. Wakitoka jioni kwenda nyumbani, wengine walijikunja kwa maumivu na wengine walikufa, na hakuna aliyejua kwa nini. Baadaye mwanasayansi mmoja akachukua mbuzi, akawafungia ndani ya tangi la presha, akawatoa kwa mwendo tofauti tofauti.

"Mbuzi?"

"Mbuzi kabisa. Kwa sababu mbuzi hajui kudanganya. Akiumwa na mguu anauinua. Wale waliotolewa haraka walisimama hivi." Akainua mkono wa kushoto, kiganja kikining'inia, akafanya uso wa mbuzi mjinga. Nilicheka mpaka kisu kikaanguka. Kutoka kwa wale mbuzi, akasema, ndipo yakaja majedwali ya kumwambia mtu ukae chini muda gani na upande vipi.

Nilipomaliza kucheka nikaona mkono wake wa kulia. Ulikuwa umelala kifuani, umekunjwa, kiganja kikining'inia. Huo hakuwa akiuigiza.

Nikaendelea kumenya. Nikauliza kama mwanafunzi mzuri, "Na mtu akitoka kuzamia anaweza kupanda ndege?"

"Zii. Angoje. Ukizamia mara moja, angalau saa kumi na mbili. Ukirudia, kumi na nane, na wengine tunasema ngoja siku nzima. Juu presha ya hewa ni ndogo, kwa hivyo ni kama unafungua soda mara ya pili."

"Na huku kwetu?"

"Huku kwetu nini?"

"Ni juu. Mwalimu wa jiografia alisema Kericho inapita mita elfu mbili."

Kaka akaangalia viazi. Akachukua kimoja, akakigeuza. "Hiyo iko chapta ingine," akasema, akaondoka, na soda akaiacha.

Hapo shuku yangu ya kwanza ilikufa, ya pili ikazaliwa kubwa kuliko ya kwanza.

Nilikumbuka jambo lingine alilosema katikati ya somo, kwa sauti ile ya kukariri: mzamiaji akitoka majini, kabla hajala, kabla hajapiga hadithi, anaosha vifaa vyake kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi inakula kila kitu. Alisema hata usingizini angeosha. Na alikuwa amemwambia mama asubuhi kwamba alizamia mwisho Jumatano, Alhamisi alikuwa akipanga safari tu.

Mama akaniambia niianike ile nguo yake ya mpira kabla haijanuka nyumba nzima. Niliitoa kwenye begi, nzito kama ndama aliyezaliwa sasa hivi, nikaitandaza kwenye ua karibu na zizi. Nikarudi jikoni. Nilipotoka tena ng'ombe wetu mwekundu alikuwa amenyoosha shingo juu ya ua, ameishika mikono ya ile suti kwa ulimi, anairamba kwa bidii kutoka begani mpaka mwisho, macho yamefungwa nusu. Nilimfukuza akarudi. Nilivuta suti akaivuta pia. Kogo akaja na fimbo akasema, "Huyo ng'ombe hajapewa chumvi wiki hii?"

Alikuwa amepewa. Mimi ndiye niliyempa.

Basi nikachukua glavu moja kutoka ndani ya begi, nikaenda nyuma ya choo ambako hakuna mtu, nikairamba. Sitaandika hapa kwamba ilikuwa kitendo cha heshima. Ilikuwa chumvi tupu, chumvi ya kukausha mdomo. Hakuosha kitu. Mtu ambaye angeosha usingizini alitoka majini akaenda moja kwa moja kwenye basi.

Jioni, wakati wa kukamua, kogo akamwambia kaka akakamue yeye, maana ng'ombe huyo tangu akiwa ndama anampenda yeye. Kaka akasema amechoka, akaniachia mimi ndoo, lakini akanifuata zizini akasimama ameegemea nguzo. Nilikamua kidogo. Nikasema nikiwa nimeweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, maana hivyo naweza kuongea:

"Suti yako imerambwa yote."

"Nimeona. Kogo amecheka mpaka amekaa chini."

"Ulizamia lini mara ya mwisho?"

"Jumatano, si nimesema."

"Suti ina chumvi."

"Sasa wewe ni polisi?"

Maziwa yakaendelea kupiga ndoo. Nikashuku hata kule kuegemea kwake nguzo, nikadhani ananiangalia aone najua kiasi gani. Mwisho akasema, taratibu, kwa sauti ambayo si ya mwalimu:

"Jana. Mara mbili. Mwenzangu mmoja wa kazi aliugua, hakuja, wageni walikuwa wamelipia, nikaingia mimi. Tulitoka mara ya pili saa tisa mchana, basi langu lilikuwa la saa moja."

"Si ungengoja."

"Baba aliniambia nini kwa simu? Ulikuwa hapo."

Nilikuwa hapo. Baba alimwambia, kaka wa msichana asipoonekana kwenye koito, wageni watauliza kama tumemzika. Ijumaa uwe nyumbani au usije kabisa.

"Lakini unajua sheria," nikasema. "Umenifundisha leo."

"Sheria imeandika ndege. Nikajiambia basi haliruki."

"Haikuandika milima?"

Nikageuka kumwangalia. "Imeandika," akasema. "Lakini ukisoma mlima huko chini, unafikiria theluji, unafikiria watu wa kamba na makoti. Mimi nilikuwa naenda nyumbani. Nani anahesabu nyumbani kwao kuwa ni juu?"

Bega lilianza kumuuma kwenye ule mwinuko mrefu baada ya Nakuru, kule kwenye baridi kabla ya kufika Kedowa. Alidhani amelalia vibaya. Kufika Kericho alijua hakulalia vibaya.

"Nitamwambia mama."

"Ukimwambia, mtihani umekwisha. Lazima daktari aandike kwamba niko sawa. Na mwalimu wangu, yule mama anayetufundisha, akisikia nimevunja sheria ambayo nitawafundisha wengine? Itaisha yenyewe. Maumivu ya bega huisha. Jumapili narudi."

"Kwa njia ile ile?"

"Kwani kuna ingine?"

"Inapanda tena."

Akakunja uso. Halafu akajaribu njia ingine: akasema ile miwani yake ya kuzamia sasa ni yangu, yeye atachukua nyingine huko. Hapo ndipo niliogopa kweli, kwa sababu kaka si mtu wa kugawa vitu.

"Vidole vyako?" nikauliza.

"Viko sawa."

Nilimaliza kukamua. Sikumwahidi kitu. Yeye alidhani nimeahidi, maana ni mimi, na mimi sisemi.

Asubuhi ya Jumamosi kulikuwa na ukungu hata shamba la chai la jirani halikuonekana. Viti vilifika kwa pikapu ya mwenye hema, wazee wa ukoo wakaanza kuingia mmoja mmoja na makoti yao mazuri. Nilibeba birika la chai kuelekea hemani, nikapita karibu na bomba la maji. Kaka alikuwa pale na shati jeupe, anafunga vifungo. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinagusa kifungo, vinakipita, vinarudi, kama vya mtu anayetafuta swichi gizani. Akaacha. Akafunga kwa kushoto. Alipogeuka kuondoka, mguu wa kulia ukaburuta kidogo kwenye zege, akajifanya ameteleza.

"Maji haya," akasema aliponiona.

Zege lilikuwa kavu.

Nikaenda nalo birika hemani. Baba alikuwa amekaa na wajomba wanne na mzee wa kanisa, wanapanga nani ataongea kwanza. Nilitakiwa kumimina na kuondoka. Nikasimama. Birika lilikuwa linanichoma mkono na sikuliweka chini.

"Baba, kaka anaumwa."

"Amechoka na safari. Mimina."

"Hajachoka. Ana mapovu kwenye damu. Ametoka baharini akapanda huku siku hiyo hiyo. Bega lilianza jana, sasa ni vidole na mguu. Ikifika kwenye uti wa mgongo hatatembea."

Wajomba wote wanne waligeuka. Mmoja akasema, "Mapovu?" Baba aliniangalia kama anajaribu kukumbuka mimi ni yupi.

"Miezi yote hiyo huongei, ndio leo umechagua?"

"Ndiyo."

"Nani amekuambia haya mambo?"

"Yeye mwenyewe. Amenifundisha jana."

Kaka alikuwa amefika mlangoni mwa hema. Uso wake nitaukumbuka. Sikuona hasira, niliona aibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Baba, msichana anatia chumvi," akasema. Baba akachukua kikombe kutoka mezani, akamnyooshea upande wa kulia.

"Shika."

Kaka alikishika. Kilikaa mkononi kidogo, halafu kikaanguka kwenye nyasi bila kuvunjika, na hakuna aliyekiokota.

"Piga simu kwa huyo mwalimu wako," baba akasema.

Kaka alinipa simu mimi. Mama wa Pwani akapokea haraka, nikamweleza yote kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Kericho?" akasema. "Mungu wangu, amepanda mpaka Kericho?" Akauliza anasikia nini wapi, tangu saa ngapi, anakojoa vizuri. Akasema tusimpitishe Nakuru wala tusimpandishe ndege. Akauliza mahali pa chini penye hospitali kubwa ni wapi, baba akasema Kisumu. Basi Kisumu, akasema, sasa hivi, awekewe oksijeni mara moja, anywe maji, alale, na daktari wa huko ampigie daktari wa wazamiaji, ambaye yeye mwalimu angemtafuta sasa hivi. Kaka akainama kwenye simu akauliza, "Na mtihani?"

"Mtihani gani wewe? Nenda hospitali."

Baba akamwangalia mwenye hema. Nusu ya viti ilikuwa bado kwenye pikapu. "Vitoe," akasema. "Hii gari inakwenda Kisumu. Wazee wanaweza kusubiri kwenye nyasi." Kisha akaniambia mimi, si mama, si mjomba, niende na kaka kwa sababu ndiye ninayejua maneno yake. Baba mwenyewe alibaki, maana kulikuwa na wageni njiani na mtoto mwingine wa kusimamia.

Tuliweka godoro nyuma ya pikapu, kaka akalala, nikakaa kando yake na chupa za maji. Kogo alikuja akamshika ule mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, kumsalimia upya, akasema, "Huu ndio nilikuwa nautaka," akauachia.

Tulipita Sigowet soko halijajaa, tukaanza kuteremka kuelekea Sondu. Ukungu ulibaki nyuma, mashamba ya chai yakaisha, mahindi yakaanza, hewa ikawa ya joto. Masikio yangu yakazibika. Nikabana pua, nikapuliza taratibu, sikulazimisha, yakazibuka moja baada ya lingine. Kaka aliniona. Kona ya mdomo wake ikasogea.

"Bega limepungua?" nikamuuliza.

"Kidogo."

Sikumwamini. Nikachukua mkono wake wa kulia nikauweka ndani ya wangu, nikamwambia abane vidole vyangu kwa nguvu zake zote, na kila tulipopita kona nilimwambia abane tena.